Mgeni wa Falka ya Tatu

Fundi Randa hakuzaliwa na hamu ya bahari hata chembe. Alikuwa seremala wa nchi kavu, wa vitanda na makabati, mwenye karakana nyuma ya nyumba na jina zuri mtaani, mpaka vitanda vya chuma vilipoingia madukani na watu wakaacha kumgongea mlango. Hapo ndipo jirani yake, ambaye alikuwa serahangi, yaani mkuu wa mabaharia wa sitaha, alipomwambia kuwa meli ya mizigo ni nyumba kama nyumba yoyote: ina milango, ina mbao, na kila siku kuna kitu kimevunjika. Akaenda kuiangalia tu. Akaiangalia mpaka mvi zikamtoka.

Meli ilikuwa na jina lake rasmi, limeandikwa ubavuni juu ya majina mengine yaliyofutwa kwa rangi, lakini mabaharia walimwita Bi Haraka. Usidhani alikuwa na mbio. Hata moshi wake ulimtangulia. Jina lilitokana na kuzaliwa kwake: alijengwa wakati wa vita, wakati meli zilikuwa zikizamishwa upesi kuliko zinavyojengwa, na waliomjenga hawakupata nafasi ya kugonga ribiti, ile misumari minene ya kuungia mabamba, moja moja kama mafundi wa zamani. Waliyachomelea mabamba ya chuma kwa moto, ubavu kwa ubavu, wengine wakiwa wamejifunza kazi juzi. Aliyetoa amri alitaka avuke mara moja tu na shehena yake ya mabomu. Kurudi ingekuwa bahati. Haraka haraka haina baraka, wahenga walisema, na Bi Haraka akawaumbua wahenga miaka na miaka. Vita vikaisha, akauzwa, akauzwa tena, akabadilishwa bendera kama shati, akabeba unga, ngozi, reli, sukari, mbolea, vyuma chakavu. Kila aliyemnunua alisema atamtumia kidogo kisha amkate vyuma. Wengine wakatangulia kufa wao.

Lakini kila mwili una siri zake. Chuma kilichochomelewa ni kitu kimoja kutoka mbele mpaka nyuma, na ufa ukishaanza kutembea hauna pa kupumzikia. Bi Haraka alikuwa na ufa wa siku nyingi kwenye kona ya mlango wa falka ya tatu, ule unaofungukia juu sitahani. Falka ni vile vyumba vikubwa vya mizigo vilivyo chini ya sitaha, na hii ya tatu ilipakana na chumba cha boila. Kilichovitenganisha ni ukuta mmoja wa chuma. Mafundi wa bandarini waliufunga ule ufa kwa mkanda wa chuma, wakasema umepona. Fundi Randa hakuwaamini, wala hakubishana nao. Kila asubuhi kabla ya chai alishusha fimbo ya kupimia, imepakwa chaki, kwenye bomba jembamba linalofika mpaka sakafu ya kila falka, akaivuta, akaangalia chaki imelowa mpaka wapi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa. Makufuli, vitasa na viti vya nahodha vilikuwa vya kupitisha siku.

Sasa kuna neno moja lazima nilieleze, maana bila hilo habari hii haina kichwa wala miguu. Ndani ya Bi Haraka maji ya kunywa yaliitwa maji, ya kuoga yaliitwa maji, lakini yale yaliyopenya yakaingia falkani hayakutajwa. Hayo yaliitwa mgeni. Nani alianza, hakuna ajuaye. Nadhani ni wale wa kwanza walioirithi meli ya vita pamoja na woga wake. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, walisema, basi heri lisisemwe. Baharia mpya akisema kuna maji falkani, alipigwa kofi la kisogo na kupelekwa kusugua vyoo. Kwa hiyo Fundi Randa alipopita na fimbo yake mtu alimuuliza, "Wageni?" naye akajibu, "Hakuna aliyebisha hodi." Siku nyingine alisema, "Yupo mmoja, kakaa mlangoni." Serahangi akacheka: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akimaanisha pampu zifunguliwe. Ilikuwa lugha yao ya nyumbani. Ukikaa nayo muda mrefu husikii tena kama ni fumbo.

Nchi kavu Fundi Randa alikuwa na mke na binti mmoja, yule mmoja tu, fundi wa cherehani, aliyeshonea katika chumba cha mbele kinachotazama barabara. Binti akaolewa na kijana mrefu, mpole, wa mikono mikubwa, aliyekuwa akilinda boila ya kiwanda cha sabuni mpaka kiwanda kikafungwa. Kijana hana kazi, mkwe ana meli. Unadhani nini kilitokea? Fundi Randa akamwombea nafasi ya mchochea moto, kazi ya kulisha boila mafuta na kulinda moto wake usizime wala usipande kichwa. Binti hakutaka.

"Baba, wewe mmoja unatosha kunikosesha usingizi," alisema.

"Mumeo atakuwa chini ya jicho langu. Atakwenda nami, atarudi nami."

Mkewe Fundi alikuwa pale, anakunja nguo. Hakusema kitu, na ukimwona mwanamke yule kanyamaza, ujue hajakubali.

Kijana alikuwa na heshima iliyopita kiasi. Mbele ya mkwewe hakukaa mpaka aambiwe, na maneno yake yalikuwa kama yamepigwa pasi kabla ya kutolewa. Mabaharia walimtania: "Mkwe, kohoa basi, mzee hayupo." Naye Fundi Randa, tusimpambe, alipenda. Nani asiyependa kuogopwa kidogo? Alimwita mwanangu, na akimtuma jambo, jambo lilikwenda.

Mwaka ule nahodha wa zamani alistaafu, akaja mwingine pamoja na mpishi wake. Nahodha huyu hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa na sauti ya chini na viatu visivyo na vumbi. Ila kwenye meli aliyotoka alikuwa amebeba mzamiaji bila kujua, mtu aliyejificha kwenye mizigo, na huko walikofika nahodha ndiye aliyehojiwa kama mwizi mpaka akanyang'anywa ile meli. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Siku ya kwanza akawakusanya wote sitahani.

"Nina ombi moja tu," alisema. "Akionekana ndani ya meli hii yeyote asiyetakiwa kuwemo, niambiwe mimi. Kimya kimya, na mimi peke yangu."

Wakaitikia. Lugha ya nyumbani hakuna aliyemfundisha. Nani angekwenda kumwambia nahodha, samahani bwana, sisi hapa tunaogopa neno?

Wakapakia saruji. Falka ya tatu ilijazwa mifuko mpaka juu, mlango ukafunikwa mbao na turubai na kukazwa kabari, wakang'oa nanga. Walipokwisha kuiacha nchi kavu mbali bahari ikachafuka. Bi Haraka akawa anapanda na kushuka, na kila akishuka mgongo wake ulitoa mlio mrefu, wa meno. Mabaharia wakaacha utani. Hata chai ililetwa haikunywewa.

Asubuhi hiyo Fundi Randa alishusha fimbo falka ya tatu, akaivuta, akaiona imelowa urefu wa mkono mzima. Siku zote ilikuwa inalowa kidole. Akaifuta, akaipaka chaki upya, akaishusha tena. Jibu lilikuwa lilelile, na zaidi kidogo. Akatambaa, kamba kiunoni, mpaka kwenye kona ya mlango. Rangi ilikuwa imebanduka, na ufa ulikuwa umeupita ule mkanda wa chuma na kutokezea upande wa pili, mwembamba, unafunguka na kufumba kila wimbi lilipopita. Kila ulipofunguka ulikunywa. Kitu cha kwanza alichokiwaza hakikuwa meli wala saruji. Aliwaza kwamba nyuma ya ukuta wa falka hii, muda huu huu, mume wa binti yake yuko zamu.

Akapanda chumba cha usukani, maji yanamchuruzika.

"Nahodha," alisema, "kuna mgeni falka ya tatu."

Nahodha akageuka polepole. "Una hakika?"

"Nimehakikisha mara mbili."

"Mmoja?"

Fundi Randa aliliona swali la ajabu kidogo, lakini wakubwa nao wana utani wao. "Mmoja, lakini mkubwa."

"Kaingilia wapi?"

"Kwenye kona ya mlango. Pale pa siku zote."

"Pa siku zote," nahodha alirudia, na uso ukamkunjamana kwa uchungu wa mtu aliyekwishaonja jambo. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na serahangi."

"Basi liishie hapo. Asiambiwe mtu mwingine. Ule mlango usifunguliwe, na kwa bahari hii asisogee mtu yeyote kwenye falka ya tatu. Mengine niachie mimi. Nitamshughulikia."

"Sawa, nahodha."

Fundi Randa akashusha pumzi. Alichoelewa ni kwamba nahodha atapiga simu chini kwa injinia, pampu zitafunguliwa, na hataki mabaharia wapate kiwewe. Moyoni alimsifu kwa utulivu wake. Nahodha naye alielewa alichoelewa, akaagiza mlango wa falka utazamwe kwa mbali. Walimaliza mazungumzo yao wakiwa wameridhika, wote wawili. Laiti mmoja wao angekuwa mjinga kidogo, akauliza swali la kijinga.

Serahangi alimngojea ngazini. "Kasemaje?"

"Atamshughulikia."

"Alhamdulillahi," alisema serahangi, wakaachana.

Fundi Randa akaenda karakana yake, kijumba cha chuma karibu na bomba la moshi, akaanza kuchonga kabari. Kazi ilikuwa inamtuliza. Alikuwa amechonga fungu zima alipokuja mkwewe na kusimama mlangoni. Alikuwa amelowa chapachapa, lakini wachochea moto hulowa siku zote, kwa joto la kule chini.

"Samahani kukusumbua, baba."

"Sema, mwanangu."

"Si jambo kubwa. Injinia kaniruhusu nivute hewa kidogo, nikaona nipite nikujulie hali." Akashika fremu ya mlango, meli ikayumba, naye akayumba nayo. "Ule ukuta wa mbele, baba, leo unatoa jasho."

"Ule hutoa jasho siku zote. Huku moto, kule baridi."

"Ni kweli, baba."

"Au limezidi?"

"Limezidi kiasi."

Fundi Randa akaacha kuchonga. Kuna kitu kilimgusa, na angekifuata pengine nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini pampu zilikuwa zinafanya kazi, au ndivyo alivyoamini; nahodha kakataza mgeni asitajwe; na tena, ukweli usemwe, hakutaka watu wa boila waseme kwamba mkwe wa Fundi ndiye wa kwanza kukimbilia juu bahari ikikoroma.

"Hayo yako mikononi mwa nahodha," alisema. "Rudi kazini, mwanangu. Moto haulindwi kutoka mlangoni kwangu."

"Ndiyo, baba."

Kijana akashuka. Fundi Randa alisikia viatu vyake vikigonga ngazi ya chuma, halafu mlio wa mashine ukavimeza.

Ilipofika adhuhuri alitokea yule mpishi mpya, anapepesuka na sinia mkononi: mkate, bakuli la supu limefunikwa sahani, jagi la maji.

"Fundi, nisaidie mwenzako," alisema. "Huyu mtu wenu nampitishia wapi chakula?"

"Mtu gani?"

"Mgeni wa falka ya tatu. Nahodha kasema apitishiwe kwenye tundu la hewa, asije akatufia na njaa kabla hatujafika. Kasema wewe ndiye uliyemwona."

Fundi Randa alilitazama lile sinia. Aliutazama mkate, akalitazama jagi. Ilimchukua muda, kama mtu anayesoma mwandiko mbaya.

"Pampu zimefunguliwa?" aliuliza.

"Pampu zipi tena?"

Alimpita mpishi, supu ikamwagika, akatoka mbio. Wimbi lilimkuta njiani likambwaga kwenye reli. Akainuka, hakujua ameumia goti mpaka kesho yake. Alipoingia chumba cha usukani hakuwa na pumzi.

"Nahodha, mgeni si mtu."

"Unasema nini?"

Neno likamkwama. Miaka yote ile ulimi ulikuwa umefungwa, na sasa alipouhitaji ukakataa kufunguka. Alifungua mdomo ukatoka upepo. Nahodha alimkazia macho.

"Maji," alisema Fundi Randa. "Ni maji, nahodha. Falka ya tatu inaingia maji tangu asubuhi."

Nahodha hakupiga kelele. Alishika simu ya kwenda chini, akatoa amri. Pampu zikafunguliwa papo hapo. Kwa muda mfupi bomba la ubavuni lilitapika baharini, na Fundi Randa akalitazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari. Kilichotoka kilikuwa cha kijivu na kizito. Watu husema maji yamezidi unga pale mambo yanapoharibika. Humo ndani yalikuwa yameikuta saruji, yakapata asubuhi nzima ya kuikanda. Bomba likakohoa, likatoa uji mzito, likakoma. Injinia akapiga simu kusema machujio yameziba na kuganda, na kwamba kwenye ukuta wa mbele maji sasa yanaruka kama ya bombani.

Kabla nahodha hajajibu, ulitokea mlio mmoja mkavu, na meli nzima ikaruka chini ya miguu yao. Ufa ulikuwa umekimbia. Ulitoka kwenye kona ya falka ya tatu, ukakata sitaha mpaka ubavuni, na sasa ulikuwa unapitisha mkono wa mtu. Nahodha akatoa amri ya mwisho ambayo nahodha hutoa. Serahangi akaanza kushusha mashua za kuokolea, anagawa watu kwa kuwashika mabega, sauti yake ndiyo pekee iliyosikika juu ya upepo.

Fundi Randa hakwenda kwenye mashua. Alikwenda kwenye mlango wa juu wa chumba cha boila, akawa anatazama nyuso zinazotoka. Yule wa kupaka mashine mafuta alitoka. Wachochea moto wengine wakatoka wanakohoa. Wa mwisho alitoka injinia, ameungua shavu na mvuke.

"Mkwe wangu yuko wapi?"

"Anazima moto," alisema injinia. "Maji yakilikuta boila na moto wake litapasuka, na mashua ziko ubavuni hapo. Nilimwambia nitazima mimi, kakataa kuniachia. Anasema baba yake kamwambia alinde moto."

Fundi Randa akaingia. Ngazi ya chuma ilishuka kwa vituo, na kila kituo kilikuwa na joto kuliko kilichopita, mpaka vyuma vikawa vinauma viganja. Chini kabisa, katikati ya mvuke, alimwona. Maji meusi ya mafuta na saruji yalikuwa yamemfika kiunoni, na mikono yake mikubwa ilikuwa inazungusha koki ya mafuta. Nyuma yake ukuta wa mbele ulikuwa umetoka tumbo.

"Toka!" Fundi Randa aliita. "Toka, mwanangu."

Kijana akainua uso. "Bado koki moja, baba."

"Iache. Nakwambia mimi, iache."

"Namalizia, baba."

Akaizungusha. Moto wa mwisho ukafa na chumba kikawa giza nusu. Akageuka, akaja anayasukuma yale maji kwa mapaja, akafika kwenye ngazi, akaweka mkono mmoja kwenye kipago cha chini. Fundi Randa alishuka kumlaki, akanyoosha mkono wake mpaka bega likalia. Walikuwa wanatazamana. Kijana alikuwa karibu kutabasamu, lile tabasamu lake la kuomba radhi.

Ukuta ukajikunja. Falka nzima ya tatu iliingia kwa pamoja, maji na mifuko yake, na upepo wa ule ujio ulimrusha Fundi Randa juu ya ngazi. Alipofumbua macho, ngazi ilikuwa inaishia kwenye kitu cha kijivu kinachochemka. Akashuka. Akashuka mpaka yakamfika kifuani, akawa anapapasa kwa mguu vipago vya chini, kimoja, na kingine, na hakuna mkono. Aliita mpaka sauti ikakatika. Serahangi ndiye aliyekuja kumshika ukosi.

"Tuondoke, kaka."

"Yuko hapo, kashika ngazi."

"Hayupo," alisema serahangi, akamvuta juu kwa nguvu, huku analia.

Walikuwa kwenye mashua Bi Haraka alipokatika vipande viwili. Nusu ya mbele ilisimama kidogo, ikaenda. Nusu ya nyuma, ile yenye bomba la moshi, ilielea kwa muda kama inayofikiria, halafu nayo ikaenda. Hakuna mlipuko. Kijana alikuwa ameifanya kazi yake vizuri. Ndani ya mashua nahodha alikuwa ameketi bila kofia, anamtazama Fundi Randa.

"Fundi," alisema, si kwa ukali, bali kama mtu anayetaka kujua, "kwa nini hukusema maji?"

Mabaharia wa zamani wote walitazama miguu yao.

Meli nyingine iliwaokota. Lilifanyika baraza la uchunguzi, wakakaa mabwana wenye tai, wakasema meli ilikuwa kuukuu, bahari ilikuwa mbaya, chuma kilikuwa kimechoka. Yote ni kweli. Kila mtu aliulizwa kipande chake, na hakuna kipande kilichogusa mlango wa karakana. Mtaani nako walisema bahari imemchukua, ni mipango ya Mungu, na wazee wakapenyeza na methali zao. Mimi kuna moja siku hizi siwezi kuisikia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alisikia, tena alisikia mara moja tu.

Fundi Randa angeweza kuliacha hapo. Hakuna mwingine aliyejua kwamba kijana alifika mlangoni kwake asubuhi ile. Alimweleza mkewe, na mkewe akamwambia, "Kaa nalo hilo. Ukimpelekea mtoto utakuwa unajitua mzigo wewe, unamtwika yeye." Akajaribu kukaa nalo. Chakula kikawa hakipiti. Akimwona binti yake akimwekea kiti, akimmiminia chai, akimpa pole yeye, alitamani ardhi ipasuke. Kupewa pole na mtu uliyemuulia mume ni adhabu ambayo mahakama haiijui.

Siku moja baada ya adhuhuri akaenda chumba cha mbele. Binti alikuwa anashona sare ya shule ya mtu, mguu unakanyaga cherehani.

"Baba, kaa."

"Nitasimama." Akashika mgongo wa kiti. "Mumeo alikuja juu asubuhi ile. Alikuja mpaka mlangoni kwangu. Akaniambia ukuta unatoa jasho, nikamwambia arudi kazini."

Cherehani ikanyamaza.

"Alisema jasho?"

"Jasho. Nikamuuliza limezidi? Akasema limezidi kiasi."

Binti alikaa akiitazama ile sare, sindano bado imo ndani ya kitambaa.

"Alikuwa kasimama kwenye maji yule, baba," alisema. "Mtu haachi boila kuja kumwambia mkwewe habari za jasho."

"Najua. Sasa najua."

"Alikuwa anakuogopa. Kila alipotaka kukwambia jambo, hata la kuazima nyundo, alikuwa anakuja kwanza hapa kuniuliza, nimwambieje mzee?" Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. "Nami nikamfundisha. Anza na samahani. Sema si jambo kubwa. Usimwambie moja kwa moja, baba hapendi, punguza kidogo, yeye mwenyewe ataelewa." Akainua uso. "Mimi ndiye niliyemfundisha kusema vile."

"Hapana, mwanangu."

"Ni mimi, baba."

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu meli izame, kichwa amekilaza juu ya cherehani. Fundi Randa akapiga magoti sakafuni kando yake. Alimwambia kosa ni langu, ni langu mimi, na si lako hata kidogo. Alilisema wazi, bila kulizungusha, akalirudia na kulirudia, na binti yake akaendelea kulia kama hamsikii.